Boila Moja Inatosha

Ng'o.

Mlio mmoja tu, usiku, ndani ya bomba la mvuke, kama kidole cha mtoto kikigonga sufuria tupu. Shirin alifumbua macho. Kisha akamsikia bintiye Nargis, chumba cha juu, akiitika usingizini: "Abee."

Hakuna aliyemwita.

Asubuhi alikuja Balbir, fundi wa Southall mzaliwa wa Nairobi, kuitazama boila kuukuu iliyokuwa ikikata roho chini ya nyumba yao ya Kilburn, London.

"Hii imekwisha, mzee," akamwambia Mahmood, mume wa Shirin. "Chagua. Moja kubwa ipashe nyumba yote, au mbili ndogo. Mbili ni kama wake wawili: unalisha wote, lakini mmoja akinuna hulali na baridi."

"Moja inatosha."

Shirin akageuka. Maneno hayo aliyajua. "Chumba cha Nargis hakipati joto, Baba Nargis. Tuweke ya pili."

"Nimesema moja."

Miaka kumi na miwili nyuma, baada ya mapinduzi, walipata nafasi tatu katika ndege ya kuondoka Unguja. Watoto walikuwa wawili. Mkubwa, wa miaka mitano, alikuwa na homa. Mahmood alimtazama, akamtazama mdogo, akasema, "Mmoja anatosha kwa sasa." Mkubwa akabaki kwa bibi yake. Barua ya pili kufika London ilisema amezikwa. Tangu siku hiyo Mahmood alipiga marufuku jina lake. Na yeye, aliyekuwa akiitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza kama desturi itakavyo, akataka aitwe Baba Nargis. Shirin akamwita hivyo, kila siku, kama mtu anayemeza mchanga.

Boila moja ikafungwa. Nyumba ikachemka, isipokuwa kwa Nargis. Bomba liliingia chumbani mwake likiunguza, lakini rediyeta, chuma cha ukutani cha kutoa joto, ilikuwa barafu, na mtoto naye akazidi kupoa, midomo ikageuka rangi, na daktari asione ugonjwa. Balbir aliporudi kufungua vali, haukutoka mvuke. Ilitoka harufu ya mafuta ya nazi yaliyochacha, yale ambayo Shirin alimpaka binti yake mkubwa nyweleni asubuhi ya safari.

"Mama," Balbir akanong'ona, akikusanya spana zake, "hii si kazi yangu."

Usiku ule Shirin alifukiza ubani katika kopo la maziwa, akaketi kitandani na kumkumbatia Nargis, akikumbuka bibi yake aliyekuwa akipunga watu pepo na kusema kwamba mgeni wa namna hii haondoki mpaka jina litajwe, na bomba likagonga, likagonga tena, karibu zaidi, likipanda ngazi za nyumba hatua kwa hatua, na moshi wa ubani badala ya kupaa ukainama ukaingia ndani ya rediyeta kama unaovutwa kwa pumzi.

"Abee," akaitika Nargis.

"Nani anakuita, mwanangu?"

Nargis siku zote alimjibu mama yake kwa Kiingereza. Sasa alijibu kwa Kiswahili cha Unguja, kwa sauti ya mtoto wa miaka mitano.

"Dada. Anasema huko alikoachwa kuna baridi. Anasema nimekalia kiti chake."

Hakupata kuambiwa kwamba alikuwa na dada.

Mahmood alisimama mlangoni, kijasho kikimtoka. "Kesho nitamwita Balbir. Tutaweka ya pili. Hata ya tatu, ukitaka."

"Mwite yeye, si Balbir."

"Siwezi, Shirin. Usinilazimishe."

Nargis hakuwa akitetemeka tena, na hilo ndilo lililomtisha Shirin kuliko yote. Bomba lilikuwa limenyamaza, kama mtu aliyeinua mkono mlangoni akasita, akingoja kukaribishwa. Kama ni jini lililovaa sauti au ni mwanawe mwenyewe, Shirin hakujua, wala hakujali. Aliweka kiganja juu ya chuma baridi, akamtazama mumewe.

"Basi njoo umpokee," akasema taratibu, "Baba Zamzam."