Mikono Laini ya Muuza Pete

Kiza kilikuwa kinaingia Dada Pete alipotoka kwenda kumnunulia mama mkwe wake dawa ya kuchua magoti. Jina hilo la Dada Pete alipewa na wateja wa duka la sonara alikouza pete na saa. Mchana huo bosi alikuwa amemwambia mbele za watu, "Dada, mteja hutazama mkono kabla ya pete. Huo wako unanifukuzia watu." Wenzake walicheka. Naye alicheka, lakini roho ilimchubuka.

Alipotoka duka la dawa, alikata kona. Mlango mmoja ulikuwa wazi. Harufu ikamjia... maziwa ya mama mzazi, yaliyochacha kidogo.

Ndani, mwanamke aliyevaa glovu nyeupe alikaa mbele ya beseni.

"Karibu. Mikono imechoka hiyo."

Dada Pete akaificha nyuma.

"Uso mnaupaka, mkono mnausahau," mwanamke alinong'ona. "Ngozi ya mgongo wa kiganja ni nyembamba, haina mafuta. Jua linaichoma, sabuni inaikausha. Krimu itazuia tu isizidi. Lakini ujana hauuzwi dukani. Ujana unatoka kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Utakayemwita."

Alimfikiria mama mkwe. Mikono yake si imeshazeeka? Atapungukiwa nini? Aliwaza hivyo haraka haraka, kama mtu anayevuka barabara bila kutazama. Akatumbukiza mikono kwenye beseni, akanong'ona:

"Mama..."

Kitu kikamshika vidole chini ya maji.

Kikamwachia.

Alipofika nyumbani alimkabidhi mama mkwe ile dawa. Chupa ikamponyoka bibi wa watu, ikapasuka sakafuni. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kama majani makavu.

"Mikono imekufa ganzi ghafla tu," alisema, akijaribu kucheka. "Uzee huu, mwanangu, hauna hodi."

Dada Pete akafagia vigae vya chupa bila kuinua macho. Huyu ndiye aliyemkanda na kumwogesha alipojifungua, mwanamke aliyefua nguo za watu ili amsomeshe mwanawe wa pekee.

Dukani mambo yalinyooka. Wateja waliuliza krimu iliyoilainisha mikono yake hivyo. Bosi akamsogeza mbele kabisa, kwenye kioo cha pete za ndoa. Nyumbani alikuwa akimlisha mama mkwe kwa kijiko, macho yake yakiwa kwenye sahani.

Kisha mikono ikaanza mambo yake. Ilikunja mashuka kwa namna ambayo hakuwahi kujifunza. Iliubembeleza mto kitandani, pa... pa... pa... kama mtoto mchanga.

Jioni moja mumewe alirudi kutoka kazini, akajitupa kwenye kochi. Mkono wa Dada Pete ukaenda wenyewe kichwani kwa mumewe. Ukapapasa nywele, ukashuka, ukalibana sikio taratibu.

Mumewe akaganda.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Hivyo vipi, baba watoto?"

"Mama alinishika hivyo hivyo nilipokuwa na homa. Nikiwa mdogo." Akasogea mwisho wa kochi. "Usinishike tena."

Tangu siku hiyo alilala akiwa amempa mgongo.

Dada Pete alirudi kwa yule mwanamke mbio mbio. Alimkuta akiosha mikono ya mteja mwingine, msichana mbichi tu.

"Mrudishie!"

Mwanamke hakuinua hata kichwa. "Wewe uliita. Mwenyewe akaitika. Mimi niko wapi hapo?"

Basi ikabaki kusema kweli. Kesho yake, jua likiwa linakaribia kuzama, alipiga magoti kando ya kitanda cha mama mkwe.

"Mama, nimekukosea. Mikono yako... ni mimi."



"Najua," alisema mama mkwe. "Siku ile nilikusikia ukiita, 'Mama.' Sauti ilitoka mbali, kama ndani ya kisima. Nikajua mtoto yuko taabani. Nikaitika."

Dada Pete alilia hadi mabega yakatikisika.

"Usilie. Hata jana jioni uliponiita, niliitika."

Kilio kikakatika.

"Jana? Mama, jana sikukuita."

"Uliniita, mwanangu. Sauti ni yako, naijua. Ningekaaje kimya?"

Aliyasema hayo akiwa ameuelekea ukuta. Dada Pete akapunga kiganja mbele ya uso wake, mara ya kwanza, mara ya pili.

Macho hayakupepesa; hayakuwa yakiona.

Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota mlangoni. Dirishani mwanga ulikuwa unaisha. Akauziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili, akabana, akabana kwa nguvu, asije akaita tena bila kujua.