Bibi Alishaambiwa ni Barabara

Jirani zangu wa Buhare, na ninyi wa Makoko mliofika msibani, kila siku mnaniuliza ilikuwaje. Nitaeleza leo mara moja, halafu naomba nisiulizwe tena.

Mimi ni Gaudensia. Mume wangu, Renatus, anasimamia ghala la pamba kule Bunda, na Jumamosi hurudi nyumbani. Tulikuwa na amani. Jumapili baada ya ibada yeye aliosha gari uani, binti yetu Esther akimshikia kitambaa, mimi nikikaanga dagaa. Gari lenyewe lilikuwa dogo na la zamani, lakini halikuwahi kutusumbua.

Shida ilianza kwa mzaha. Wenzake kazini walimwambia gari lake limekonda miguu kama mbuzi wa kiangazi. Alicheka nao, ila maneno yakamkaa moyoni. Wiki iliyofuata akaja na matairi mapana nyuma, yamejaa ndani ya madigadi, yale mabati yanayofunika tairi kwa juu, mpaka yanachungulia nje. Mimi nilimsifu. Hilo sitalificha.

Fundi Lukas wa Bunda, aliyeyafunga, alikuwa amemwonya. Nilikuja kuambiwa na Lukas mwenyewe siku ya mazishi. Baada ya kuyafunga aliingiza vidole kati ya tairi na madigadi, vikaingia vitatu.

"Hapa gari ni tupu," alimwambia. "Likibeba watu litakaa chini, hata kidole kimoja hakitapita. Tairi la nyuma linapanda na kushuka kila kwenye shimo. Hili gari lako linataka nafasi ya kiganja kwa juu, na ubavuni kidole kizima. Rudisha yale ya zamani."

Renatus alimjibu kwamba ataendesha taratibu.

Miezi miwili aliendesha akiwa peke yake, na hakuna kilichotokea. Akaona fundi alikuwa anamtisha bure.

Mwezi wa nane tulikwenda Butiama kumchukua mama yake, Mbuke, aliyekuwa anasumbuliwa na macho, aje akae kwetu. Mama hakutaka kuja mikono mitupu. Tulipakia magunia mawili ya udaga, muhogo mkavu wa kusagia ugali, na moja la ulezi. Yeye akaketi nyuma upande wa kulia, karibu na tairi, Esther kushoto, mimi mbele na mume wangu. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Kila tulipopita kwenye tuta kitu kilikwaruza chini yetu. Nilimuuliza Renatus, akasema barabara ni mbovu. Tukafika kwenye lami, na mkwaruzo ukaendelea kila gari lilipodidimia au kukata kona. Ndipo mama aliposema, bila kupandisha sauti:

"Renatus, huku kunanuka mpira unaoungua. Marehemu baba yako alikuwaga akisikia mnyororo wa baiskeli unalia tu, anashuka."

"Ni barabara, Mama. Tunakaribia kufika," mume wangu akajibu, akaongeza sauti ya redio.

Nami nikageuka nikamwambia, "Mama, fungua kioo, harufu itatoka."

Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake. Alifungua kioo kama nilivyomwambia.

Tairi lilipasuka kwenye mteremko. Gari liliyumba, likaacha lami, likalalia ubavu wa kulia. Wachunga ng'ombe ndio waliotutoa. Esther alivunjika mkono. Mimi nilichubuka goti. Mama alikuwa amekwisha kufa.

Askari wa barabarani alitushika bega na kutuonyesha tairi lililopasuka. Mdomo wa madigadi ulikuwa unang'aa kama kisu kilichonolewa, na ubavu wa tairi ulikuwa na mkato uliouzunguka wote. Renatus aliutazama kwa muda mrefu.

"Nilimwambia ni barabara," alisema.

Askari aliendelea kuandika.

Tulimzika Butiama. Sikulia, na mpaka leo sijalia. Mkono wa Esther umepona, lakini hapandi gari lolote, anatembea kwa miguu kwenda shule na kurudi. Mimi na Renatus hatugombani. Tunaombana chumvi, tunakumbushana kufunga mlango. Watu wa kanisani wanatusifu kwa uvumilivu. Ndugu zangu, huu si uvumilivu. Ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi: unaugusa, hujui kama ni wako.

Wiki iliyopita tulikuwa tunakula ugali, Esther akasema bila kumtazama mtu:

"Baba, na mimi niliisikia ile harufu. Nilinyamaza kwa sababu bibi alishaambiwa ni barabara."

Renatus aliweka tonge chini. Nilitaka kunyoosha mkono nimshike mtoto, na mkono haukwenda. Tulikaa hivyo mpaka ugali ukapoa, kisha Esther akainuka mwenyewe, akakusanya vyombo.

FUNZO

Ndugu zangu, tairi la nyuma lina nafasi yake. Msiipime nafasi hiyo gari likiwa tupu mkaridhika. Pakieni watu na mizigo mliyozoea kubeba, kisha ingizeni vidole. Mkisikia mkwaruzo au harufu ya mpira, simameni hapo hapo mlipo. Fundi akisema ondoa, ondoeni, hata kama watu watacheka.

Lakini hilo ni la magari. La nyumbani ni hili: aliyeketi karibu na hatari ndiye anayeisikia kwanza, na mara nyingi ni mzee au mtoto. Ukimnyamazisha mmoja, umewanyamazisha wote. Sisi tulimnyamazisha mmoja kwa upole kabisa, tena kwa kumwita Mama.