Isale Lililotolewa Mara Mbili

Soko la Memorial pale Moshi, siku ya kufungua mabelo ya mitumba, watu hawana pa kuweka mguu, na mikono miwili inadaka koti moja. Koti lenyewe la rangi ya fedha, linang'aa mpaka linaumiza macho, koti ambalo mtu mwenye akili timamu hawezi kulivaa kwenda popote. Mkono wa kwanza ulikuwa wa Mektrida, fundi cherehani mwenye kibanda hapohapo sokoni, binti wa Uru, mrefu, gauni la kitenge alilojishonea mwenyewe limemkaa sawasawa. Wa pili ulikuwa wa Jovin, kijana wa Marangu aliyevaa miwani nyeusi asubuhi ile yenye mawingu.

"Dada, niachie. Hili ni la video."

"Mimi nataka vifungo tu," Mektrida akajibu. "Koti utabaki nalo."

Jovin akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza binti wa watu.

Jovin alikuwa dairekta wa video za elektropopu, ule muziki wa vinanda vya kompyuta unaosikika kama mashine imependa. Alikuja kibandani kwa Mektrida siku hiyo kupunguziwa koti, akaja kesho yake bila koti, na siku ya tatu akaja na mtori, supu yetu ya ndizi, kwenye chupa. Walikula huku akimfundisha sheria za kazi yake. Katika video hizi, alisema, mwimbaji hatabasamu, anakaza uso kama mwanasesere. Taa ya waridi humwangaza shavu moja, ya bluu shavu la pili. Wakati wa kurekodi wimbo hupigwa haraka maradufu, mwimbaji naye anaukimbiza, halafu picha inapunguzwa kasi, hivyo midomo inakwenda sawa na wimbo ila nywele na nguo zinaelea polepole. Na lazima iwepo picha moja kali, ya kurudi kila kibwagizo kinaporudi.

Basi Mektrida akawa anashona mavazi ya video za Jovin: sketi za nailoni, mabega yaliyochongoka. Na simu zikawa haziishi.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula wivu. Huyo mwimbaji wako Violet alikuja kujipima, kutwa Jovin hivi, Jovin vile."

"Violet ni kazi, mama. Wewe ndiye unayeninyima usingizi."

Msichana gani asingelainika? Akalainika. Akamwambia baba yake, Mzee Rogath, kwamba yuko mtu anataka kuja kusalimia.

Jumapili ya kusalimia ikafika. Pombe ya mbege ilikuwa tayari, ndizi na nyama vimeshaiva, majirani wawili wameitwa wawe mashahidi. Jovin hakuja. Violet alibadilisha siku ya kurekodi, na Jovin akifanya kazi huzima simu. Mzee Rogath alikaa na koti lake la kanisani mpaka majirani wakaaga bila kumtazama machoni. Alichosema ni kimoja tu, kwamba kijana yule asikanyage kwake.

Baada ya siku nne Jovin akamwita Mektrida kwenye ghala la zamani la kahawa alikokuwa akirekodia. Ilikuwa saa nne asubuhi, lakini madirisha yamezibwa vitambaa vyeusi na taa zinawaka, waridi huku, bluu kule. Katikati alisimama Jovin ameshika isale.

Kwa asiyezijua taratibu zetu za Uchaggani: isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa vihamba, yaani mashamba ya ukoo. Ukimkosea mtu, unalifunga jani lake fundo, unampelekea, na aliyepelekewa isale hakatai kusamehe. Hakuna mchezo hapo. Watu wametoana damu wakapatanishwa kwa jani hilo.

Mektrida alipoliona akaangua kilio. Akalipokea, jani likamponyoka, likaanguka. Jovin akaliokota, akamwambia kwa upole, "Sogea kidogo hapa kwenye mwanga, nikuone. Pokea tena, mama." Akasogea. Akapokea tena, akicheka katikati ya machozi, akiona kwamba mwanamume anayeomba msamaha mara mbili kweli anapenda.

Akapanda Uru kumwambia baba yake kwamba Jovin ameleta isale. Mzee Rogath akamuuliza:

"Una hakika lilikuwa la kweli?"

"Nina hakika, baba. Nilimwangalia machoni."

"Basi kwa neno lako, aje."

Wiki tatu baadaye, Jovin akiwa bado hajapanda Uru, muuza viatu wa kibanda cha pili aitwaye Dominika alimletea Mektrida simu yake. "Mekti, si wewe huyu?"

Ilikuwa video mpya ya Violet. Violet na koti la fedha, uso mkavu, ukungu wa mashine miguuni. Kikaja kibwagizo, na hapo akatokea Mektrida mwenyewe analia, shavu moja la waridi, shavu moja la bluu, chozi linateremka polepole hadi unachoka kulingoja, na isale likiwaka kijani kama taa ya duka. Kibwagizo kilirudi mara nne. Alilia mara nne. Hapo ndipo akaelewa kwa nini aliambiwa asogee kwenye mwanga, na kwa nini alipewa jani mara ya pili. Mara ya kwanza picha haikutoka vizuri.

Akampigia.

"Kamera ilikuwa wapi, Jovin?"

 Jovin akajieleza mbio mbio: kamera ilikuwa inawaka tangu alipokuwa anapima taa, msamaha aliuomba kwa moyo wote, lakini alipoona picha ile alishindwa kuifuta. Katika video nzima, alisema, Mektrida ndiye pekee aliyekuwa hai.

"Mpenzi, nakupenda. Haki ya Mungu."

"Ulinipenda huku unarekodi," Mektrida akasema, akakata.

Jamani, mtu huyu alikuwa anampenda kweli, nami sitaki kumsingizia. Ila alimchezea shere mbele ya dunia nzima, na mzee wa watu pia. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, wasichana wa kwaya walikuwa wanapeana majani ya isale njiani, wakilia polepole kama kwenye video, wanakufa kwa kicheko. Mzee Rogath alipita katikati yao na kofia yake mkononi.

Siku hiyohiyo, saa nane mchana, Jovin akaja Uru, kwa miguu, na mjomba wake, bila miwani. Video alikuwa ameshaitoa mtandaoni, ingawa watu wameshahifadhi nakala. Akasema shikamoo, mzee akaitikia marahaba bila kusimama. Kisha akalinyoosha isale kwa Mektrida, amelikata pamoja na kijiti chake, kile kinachochipua kikichomekwa udongoni.

"Sogea kidogo hapa kwenye mwanga," Mektrida akasema.

Akatoka kwenye kivuli cha migomba, akasimama juani. Machozi yalimtoka, na safari hii hakuna aliyeyarekodi.

Mektrida akalipokea jani. "Nimekusamehe, Jovin. Baba amesikia, mjomba wako amesikia. Sitakusema vibaya popote."

Jovin akashusha pumzi, akanyoosha mkono amshike. Mektrida akarudi nyuma hatua moja.

"Kuolewa na wewe siwezi. Kila utakaponishika nitatafuta kamera iko wapi."

Mjomba akamshika Jovin begani, wakaaga. Walipokuwa wanashuka, Jovin aligeuka nyuma mara kadhaa. Mektrida hakuwa anamtazama. Alikuwa amepiga magoti mpakani mwa kihamba cha baba yake, anachimba kwa vidole, analichomeka isale kwenye mstari pamoja na mengine.