Vipimo vya Shoga wa Mtandaoni

Kila jioni Dada alirudi kutoka duka la ushonaji, akavua viatu, akajitupa kwenye kochi na kufungua simu. Hazikupita dakika tano kabla hajaanza kulalamika.

"Watu wamekuwaje? Nimeweka picha ya gauni nililoshona, mtu nisiyemjua ananiambia nikashone magunia! Miaka sita iliyopita ukiweka picha, marafiki walicheka, basi, mkalala."

"Una miaka ishirini na mitatu," Mama alimjibu huku akivua aproni yake ya duka la vifaa vya ujenzi, "na unaongea kama bibi kizee."

Mdogo wake Dada, msichana wa miaka kumi na miwili, aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Alimhurumia dada yake. Alijua kwamba Dada alimkumbuka sana rafiki yake wa sekondari, Kifutio, aliyepewa jina hilo kwa kuazima vifutio na kuvipoteza. Dada alimtafuta mtandaoni miaka mitatu bila kumpata.

Basi Chiriku akachukua simu ya Mama kwa siri, akafungua ukurasa kwa jina la Kifutio, akaandika: "Shoga yangu! Nimekukumbuka mpaka basi."

Dada alipiga ukelele wa furaha mpaka jirani akagonga ukuta. Tangu siku hiyo wakawa wanachati kila jioni, mmoja sebuleni, mwingine jikoni.

"Mtandaoni siku hizi kumejaa watu bandia," Dada alimwambia Mama. "Wa kweli kabaki huyu mmoja tu."

Kule jikoni, Chiriku alipaliwa na maji.

Siku moja Dada aliandika: "Mdogo wangu ni mbea, na akilala anakoroma kama mashine ya kusaga." Chiriku alivimba kwa hasira, akajibu: "Labda ana mafua. Nasikia ni mtoto mzuri sana."

"Ajabu," Dada alisema. "Huyu anamtetea Chiriku kuliko mama yake mzazi!"

Kisha Dada akaamua kumshonea rafiki yake gauni, akaomba vipimo. Chiriku angevitoa wapi? Alichukua utepe wa kupimia, akajipima mwenyewe, akatuma.

Dada alisoma, machozi yakamtoka. "Mama! Kifutio anaumwa! Tazama kiuno hiki! Hata urefu umepungua. Mtu mzima anapunguaje urefu?" Akaanza kufungasha nguo ili kesho akamtafute hospitali zote.

Chiriku alisimama mlangoni. Angeweza kuandika kwamba namba zimekosewa. Lakini alipomwona Dada akijifuta machozi kwa soksi, alishindwa.

"Dada, Kifutio haumwi. Kifutio ni mimi."

Dada alimtazama, akaitazama simu, akamtazama tena. Kisha akaingia chumbani na kufunga mlango. Siku mbili hakumsemesha mdogo wake.

Chiriku hakula vizuri. Siku ya tatu alimpelekea Mama picha ya zamani ya darasa la Dada. "Mama, nisaidie kumtafuta Kifutio wa kweli."

Mama alivaa miwani. "Huyu mwenye mwanya? Huyu ni fundi rangi, mbona huja dukani kwangu kila Jumamosi! Mngeniuliza mimi badala ya kuiuliza simu."

Jumamosi Chiriku alimngoja dukani, akamweleza yote bila kuficha. Fundi rangi alicheka mpaka akaweka ndoo chini. "Kwa hiyo wewe ndiye mimi? Mtandaoni nilitoka zamani. Matusi yalinichosha."

Jioni alibisha hodi, nywele zina madoa ya rangi. Dada alimkumbatia hata asijali blauzi yake.

"Miaka ile ilikuwa mitamu, shoga," Dada alisema.

"Mitamu wapi? Umesahau ulivyolia walipozicheka nywele zako mtandaoni? Ulikuja kwetu, tukakaa mpaka ukanyamaza."

Dada alicheka, akamvuta Chiriku aketi katikati yao.

"Mmesikia?" Mama alisema. "Matusi yalikuwapo hata wakati huo. Utamu ulikuwa wa kukaa pamoja. Ukimkumbuka mtu, mwanangu, mwulizie, ukabishe hodi. Na wewe Chiriku, huruma yako ilikuwa njema, ila uongo hata ukiutia sukari ni uongo, na njia ya mwongo ni fupi. Kilichomleta mgeni huyu nyumbani ni ukweli wako. Haya, mpeni maji anawe, tule."