Kilo Tisini Zishuke

Walikutana kwa ugomvi, katikati ya foleni ya abiria kwenye uwanja wa ndege wa Dodoma. Salha alikuwa kazini, akamwambia Abdulnasiri apande mzani.

"Mimi si gunia la karanga," Abdulnasiri alisema.

"Gunia halibishi, kaka. Panda."

Kilo tisini na moja. Foleni nzima ilicheka, lakini Abdulnasiri hakuondoka bila namba ya simu ya Salha.

Miezi minane baadaye alikaa kwenye ndege ndogo ya watu kumi na wawili, kanzu nyeupe, koti jipya, ananukia udi. Alikuwa anakwenda Tabora kumposa Salha. Baba yake Salha alitaka kumwona muoaji mwenyewe, leo alasiri, la sivyo asahau.

Ndege ilikuwa iruke saa mbili asubuhi. Tairi likaleta shida, ikafika saa saba, jua la Oktoba likichemsha lami. Rubani akasema kilo tisini zishuke. Salha akapanda ngazi, jasho likimtoka chini ya hijabu ya buluu.

"Nasiri, shuka."

Alishuka kwa hasira. "Kwa nini mimi? Hutaki kuolewa, sema!"

"Mle kuna anayekwenda kuzika. Kuna mgonjwa."

"Injini kubwa vile ishindwe na mimi?"

"Injini haiinui ndege! Inaisukuma mbele tu. Bawa ndilo linaisukuma hewa chini, hewa nayo inalisukuma bawa juu. Dodoma tuko juu, hewa tayari ni nyepesi, na joto hili limeipunguza zaidi. Ndege ikiwa nzito, lazima ikimbie sana ndipo iinuke. Na lami haiongezeki!"

Ndege ikanguruma, ikakimbia. Ikapita pale inapoinukia asubuhi, matairi bado chini. Ikazidi kukimbia. Karibu na mwisho wa lami ndipo ikaachana na ardhi, polepole, kama haitaki.

Abdulnasiri akamgeukia. "Hewa nimeielewa. Wewe sijakuelewa. Majina kumi na mawili, ukachagua langu."

"Wengine wangenitukana wakaenda zao. Wewe nilijua utanitukana, ubaki."

"Huko ni kunionea."

"Ndiyo. Nimekuonea."

Simu ya Salha ikalia. "Shikamoo, baba... Hayumo ndegeni. Mimi ndiye niliyemshusha... Nifokee mimi, si yeye. Na usinitafutie mwingine, simtaki!"

Abdulnasiri akampokonya simu. "Shikamoo, mzee. Nakuja na basi la alfajiri. Ukifunga mlango nitakaa nje."

"Na huyo aliyekushusha?" Sauti ya mzee ilikwaruza.

"Nimemkasirikia mpaka kichwa kinaniuma. Namwoa hivyo hivyo."

Mzee akakohoa. "Kesho alasiri. Usinichezee tena." Akakata.

Abdulnasiri alirudisha simu bila kumtazama. "Usifikiri yameisha. Bado nina hasira."

"Kaa nazo. Mbona hata mkono sijakushika kukubembeleza?"

"Ndicho kinachoniudhi."