Nawa Kwanza

Jinja ya mwaka tisini na tisa ilinuka. Mitaro ilinuka, madebe ya samaki waliolala yalinuka, na juu ya mabati ya soko kaloli, wale ndege wakubwa wenye vipara, walitapika mifupa bila haya. Watu walisema mji unafufuka baada ya vita. Labda. Lakini hata aliyefufuka anahitaji kuogeshwa.

Katikati ya uvundo huo, kwenye baraza la maduka, Nabifo aliweka cherehani yake. Alikuwa binti wa Mbale, mrefu, gauni lake la kitenge cha kijani likimkaa kiunoni kama alizaliwa nalo. Chini ya meza aliweka jagi la maji na kipande cha sabuni. Hakuna aliyepewa mkono na Nabifo kabla ya kunawa, awe mteja au shehe.

Asubuhi moja ya Julai mwanamume akambwagia mezani kitu cheusi, kizito, kinachochuruzika maji.

"Fundi, nishonee hii sketi."

"Ya mke wako?"

"Yangu."

Wauza mboga waliangua kicheko hadi nyanya zikabiringika. Mwanamume naye akacheka. Alikuwa na mabega mapana, kaptura iliyopauka na meno meupe ya kukera. Jina lake Habib, Mnubi wa hapo hapo Jinja.

"Ni ya kayaki," alieleza. "Kale kamtumbwi kadogo ka plastiki. Unavaa hii, unaziba tundu, maji haiingii. Wazungu wakija likizo yao ya kiangazi, wanataka kucheza kwenye maporomoko. Kazi yangu kuwatafutia mahali pazuri."

"Wanalipa ili wazame?"

"Wanalipa ili wasizame, dada."

Nabifo aliinua sketi kwa ncha za vidole viwili. "Inanuka mto."

"Mto haunuki."

"Huu unanuka." Habib aliponyoosha mkono wa kuagana, akamwonyesha jagi. "Nawa kwanza."

Akanawa. Kesho yake akarudi na mkanda uliokatika, keshokutwa na begi lililochanika, na kila mtu barazani aliona wazi kwamba begi lile limechanwa kwa kisu.

"Wewe Mnubi, vitu vyako vinaharibika sana."

"Hata moyo, fundi. Huo unashona bei gani?"

"Moyo sishoni. Peleka kwa fundi viatu."

Kufikia Agosti walikuwa wakila chapati pamoja kila mchana, naye Habib mikono imemparara kwa sabuni. Alimletea kila kitu ila samaki, kwa kuwa Nabifo hali samaki. Kwa nini? "Sipendi tu." Na baba yake? "Alikufa miaka ile mibaya." Habib hakuuliza zaidi. Wanubi wa Jinja walishajifunza kutouliza habari za miaka ile, maana askari wengi wa wakati ule walisemwa kuwa Wanubi, na jibu huja na macho ya kuwatazama mikono.

Laiti angeuliza. Baba yake Nabifo, Mwalimu Masaba, alichukuliwa na askari mwaka sabini na saba, wakimtukana kwa Kiswahili. Ikasemekana alitupwa mtoni pale darajani Jinja. Mwili haukuonekana. Wazee wa ukoo walitaka lizikwe shina la mgomba badala yake, kama desturi, lakini mama alikataa katakata: hatazika mgomba autie jina la mume wake. Na baba asipozikwa, wazee wasema, hakuna wa kupokea mahari ya binti. Nabifo alikuwa amekataa wachumba wawili kwa sababu hiyo. Huyu wa tatu hakutaka kumkataa.

Jumapili moja Habib alimpeleka kuona mahali pake pazuri kuliko pote. Chini ya maporomoko mto ulipinda ukatulia, dimbwi pana la kijani. Nabifo alivaa gauni jeupe. Habib alitandika kanga, akafungua kuku wa kukaanga. Kagoya, mama mzee aliyekuwa akianika mihogo pale ukingoni, akasogea kusalimia.

"Ulipajuaje hapa?" Nabifo aliuliza.

Habib alijaa fahari. "Niliuliza wenyeji. Mto ukichukua kitu, unakirudisha wapi? Hapo ndipo mtu akipinduka atatokea salama. Mama Kagoya akanionyesha."

"Kweli," alisema Kagoya. "Zamani maji ilikuwa inaleta watu hapa. Ile watu ya gari ya askari. Asubuhi unaamka, wamejaa. Wamevimba. Mbwa wanakuja..."

Nabifo alitazama mafuta ya kuku kwenye vidole vyake. Akatapika palepale, juu ya kanga, juu ya gauni jeupe.

"Ulijua?"

Habib alianza kukunja kanga.

"Habib! Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaniletea kuku!"

Alinyoosha mkono amshike. Nabifo akaruka nyuma. "Usiniguse!"

"Nitanawa, mpenzi, ngoja..."

"Kwa maji gani?"

Kesho yake cherehani haikuwepo barazani. Nabifo alikuwa Mbale, kwa mama yake, mtaa wa Nkoma, akijisugua mikono hadi ngozi ikachubuka. Kila jioni simu ya duka la jirani ililia, kila jioni akakata. Siku aliyoipokea, aliipokea ili atukane.

"Baba yangu alitupwa mto huo! Nyinyi mnacheza juu yake na sketi!"

"Hukuniambia, Nabifo."

"Hukuuliza!"

"Niliogopa jibu. Sasa nimeuliza. Nimerudi kwa Mama Kagoya. Mara ya kwanza nilimuuliza mto unarudisha wapi, basi, nikapata nilichotaka nikaondoka. Aibu yangu. Juzi nimemuuliza, ni nani aliwatoa?"

Nabifo hakukata.

"Ni mume wake na wanaume wa pale. Waliwavusha kwa mtumbwi, wakawazika kwenye kisiwa katikati ya maporomoko, mahali askari hawawezi kufika. Mume alikufa, mtumbwi ukaoza. Hakuna aliyefika huko tena. Kuna makaburi, Nabifo."

Mkono ulimpokonya simu. Ulikuwa wa mama yake, aliyekuwa ametega sikio kando, na ambaye tangu mwaka sabini na saba akisikia Kiswahili alikuwa akitema mate chini. Sasa alikisema, kwa shida, kana kwamba ameng'ata kitu kichungu.

"Wewe. Unaweza kufika huko?"

"Naweza, mama."

Siku chache baadaye walisimama ukingoni, mama na binti, na Kagoya kando yao. Hapakuwa na mgeni hata mmoja. Habib alikuwa amewaambia Wazungu wake kwamba pale pana mamba. Alivaa ile sketi yenye mshono wa Nabifo, akafungia kopo tupu kati ya mapaja, akaingia kwenye povu. Wimbi likamfunika. Kayaki ikapinduka, ikabaki tumbo juu, na Nabifo akajikuta amepiga magoti kwenye matope akimwita kwa jina. Mara Habib akaibuka, akapiga kasia, akapotea nyuma ya majani ya kisiwa.

Aliporudi alikuwa matope hadi viwikoni. Akampa mama kopo kwa mikono miwili, limejaa udongo mwekundu.

"Hatujui kama ni yeye," alisema mama.

"Hatujui, mama."

"Basi ni wote." Alilifunika kopo kwa kitambaa cha kichwani mwake. Sasa mgomba ungezikwa kijijini Busiu, kwenye shamba la mwalimu, na udongo huu juu yake. "Tukishazika, waambie wazee wako waje kuzungumza."

Habib alifuta uso kwa mkono, akazidi kujichafua, kisha akakumbuka na kuangaza huku na huku.

"Nabifo, sabuni umekuja nayo?"

Ilikuwa kwenye mkoba wake. Hakuitoa. Alimkaribia, akanusa mto, tope na majani yaliyooza. Akaushika mkono wake.

"Sijanawa," alisema Habib.

"Najua."

Kinyaa kilimpanda hadi kooni. Alikimeza, wala hakuuachia ule mkono.