Joto Lililoingia Njiani

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Biashara huria ilikwisha kuingia Kariakoo, na maduka yaliyokuwa matupu wakati wa foleni za sukari yalijaa redio, vitenge na sabuni za kila rangi. Hata hivyo, adabu ya zamani ilikuwapo bado. Mtu alisalimia kwanza, ndipo akauliza bei.

Katika mtaa mmoja wa hapo, Praful na mkewe Nayna waliuza maziwa na siagi. Wateja waliwaita Baba Krupa na Mama Krupa, kwa jina la binti yao. Maziwa yalitoka Iringa kwa gari lenye bodi ya ubaridi. Dereva wao alikuwa Ignasi, mtu wa Masasi, aliyekaa Mchikichini na mkewe na watoto.

Msimu mmoja wa joto, maziwa yalianza kuchacha. Zulekha, muuza chai wa Gerezani, alikuja dukani na sufuria mkononi.

"Baba Krupa, tazama. Nimeyachemsha, yamekatika. Mafundi wananiuliza kama chai yangu inaliwa kwa kijiko."

Praful hakucheka. Kila gari lilipofika alitazama kipimajoto cha bodi, nacho kilionyesha nyuzi nne, kama inavyotakiwa. Akaamini kwamba amepata jibu.

"Ignasi," alisema mbele ya wateja, "unazima mashine njiani, unauza dizeli. Ukikaribia mjini unaiwasha tena."

"Mzee, sijapata kuizima."

"Basi maziwa yanachacha yenyewe?"

"Sijui, Mzee. Lakini mimi si mwizi."

"Nakupa safari moja. Yakichacha tena, utaniachia ufunguo."

Nayna hakuridhika na maneno hayo. Alikwenda Gerezani kumwita Selina, fundi wa mitambo ya baridi. Selina alipofika alimkuta Ignasi anafuta vioo vya gari.

"Mambo, Ignasi? Nasikia siku hizi una kituo cha mafuta."

"Cheka tu, fundi. Nyumbani kwangu hakuna anayecheka."

Selina alitoa mkobani vifaa vidogo, kila kimoja kama kiberiti. Alivipachika ndani ya bodi, kimoja karibu na mlango na kingine katikati ya makreti. Mbele, kwa dereva, aliweka kisanduku chenye kioo cha namba.

"Vifaa hivi hupima joto safari nzima," alieleza. "Kila baada ya dakika chache hutuma namba kwa mawimbi ya redio, bila waya, na kisanduku hiki huzihifadhi. Safari hii nitafunika kioo, Ignasi, ili uendeshe kama ulivyozoea."

"Kipimajoto tunacho," alisema Praful kutoka mlangoni mwa duka.

"Unacho, Baba Krupa, lakini unakisoma gari likifika. Hakikuelezi yaliyopita Ruaha. Maziwa yakipata joto, vijidudu huzaliana. Ukiyapoza baadaye, vijidudu havifi. Namba itakuwa nzuri, maziwa yatakuwa yameharibika."

Ignasi alikwenda Iringa, akarudi. Selina aliunganisha kisanduku na kompyuta, Praful na Nayna wakitazama, na mstari wa joto ukatokea. Sehemu kubwa ulikuwa umelala chini. Mahali patatu ulipanda kama mlima.

"Mashine haikuzimwa," alisema Selina. "Ingezimwa, joto lingepanda polepole. Hapa limepanda ghafla. Mlango umefunguliwa. Ignasi, Ilula ulifanya nini?"

Ignasi alimtazama Nayna, kisha akainamisha kichwa.

"Nilipakia tenga la nyanya."

"Na Ruaha Mbuyuni?"

"Vitunguu. Chalinze, mananasi. Kila mara nahamisha makreti kwanza ili nipate nafasi."

"Mananasi ya juani, katikati ya maziwa baridi," alisema Selina. "Mashine hii hutunza ubaridi uliopo. Haina nguvu ya kupoza haraka mzigo wa moto."

"Mzigo wa nani?" aliuliza Praful.

Nayna ndiye aliyejibu.

"Wangu. Namwagiza mimi, kila safari, naye huupeleka nyumbani akishashusha maziwa. Niliona ni zawadi za njiani, kama watu wote wanavyoleta."

"Kwa nini hukusema?" Praful alimuuliza dereva.

"Ningesemaje, Mzee? Uniite mwizi, nami nimtaje Mama?"

Praful alitoka hadi mbele ya duka, Zulekha na wateja wengine wakiwapo.

"Nilimwita Ignasi mwizi hapa hapa," alisema. "Nilikosea. Joto liliingia kwa mizigo ya nyumbani kwangu. Ignasi, nisamehe."

"Yamekwisha, Mzee."

Tangu siku hiyo mlango ulifungwa Iringa na kufunguliwa Kariakoo. Kioo cha kisanduku kilifunuliwa. Joto likipita nyuzi nne, kisanduku kililia, naye Ignasi alisimama kukagua mashine na mipira ya mlango. Maziwa yalifika salama, na Zulekha aliyachemsha bila wasiwasi.

Safari iliyofuata, Ignasi aliwasha gari, akachungulia dirishani kwa heshima yake ile ile.

"Mama Krupa, nikuletee nini?"

Nayna alifikiri kidogo.

"Niletee maziwa," alisema.